Chunjua za Nyayoni: Kutibu au Kuziacha?

Somo hili limekusudiwa kwa watoa huduma katika zahanati na vituo vya afya, na pia kwa wagonjwa wenyewe pamoja na wazazi wa watoto wenye chunjua miguuni. Msomaji atakapolimaliza anatarajiwa aweze kuitambua chunjua ya unyayoni, kuamua lini iachwe na lini itibiwe, kutumia dawa kwa usalama, na kuvijua vidonda na mabaka yanayofanana na chunjua ilhali si chunjua.

Wagonjwa watatu katika asubuhi moja

Wagonjwa wafuatao wametungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini hali zao ni zile ambazo mtoa huduma yeyote wa ukanda wa Ziwa Viktoria anaweza kukutana nazo. Na tuchukue zahanati moja iliyo karibu na ziwa, wilayani Sengerema.

Wa kwanza ni mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka kumi, aliyeletwa na mama yake. Ana vijipele vigumu vitatu kwenye unyayo wa kulia. Havimuumi, anacheza mpira pekupeku kila jioni. Mama ndiye mwenye wasiwasi, kwa kuwa jirani amemwambia kwamba visipokatwa vitaenea mwili mzima.

Wa pili ni mwanamke wa miaka thelathini na minane anayenunua dagaa mwaloni na kuwauza sokoni. Husimama tangu alfajiri hadi jua linapozama. Chini ya kidole gumba cha mguu ana uvimbe mgumu wenye upana wa punje ya mahindi, nao unauma kila akanyagapo. Ameukata kwa wembe mara nne, na kila mara umerudi.

Wa tatu ni mzee mvuvi wa miaka sitini na mitatu. Kisiginoni ana baka jeusi lililoanza kama doa dogo miaka miwili iliyopita. Aliambiwa ni chunjua, akapewa dawa ya kuchoma. Baka limepanuka, na sasa lina kidonda kinachotoa damu. Haliumi sana, ndiyo maana hakuharakisha kurudi.

Wote watatu wameandikwa katika daftari la siku hiyo kwa neno moja: chunjua. Hata hivyo, mmoja hahitaji dawa yoyote, mmoja anastahili kutibiwa, na mmoja hana chunjua kabisa, na kila juma analochelewa huweza kumgharimu maisha yake.

Chunjua ni nini?

Chunjua husababishwa na virusi vya papiloma vya binadamu, vinavyojulikana kwa kifupi kama HPV. Aina za virusi hivi zinazotambuliwa zinapita mia moja, na kila aina ina mahali inapopapendelea. Zile zinazoshambulia nyayo, hasa aina ya 1, 2, 4, 27 na 57, huishi katika tabaka la juu la ngozi peke yake. Haziingii katika damu, wala hazifiki mifupani.

Hapa pana jambo linalohitaji kuelezwa kwa uangalifu. Tangu mwaka 2018 wasichana nchini Tanzania wamekuwa wakipewa chanjo ya HPV ili kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi. Mzazi aliyelisikia jina hilo katika kampeni ya chanjo anaweza kushtuka akiambiwa kwamba mwanawe ana HPV mguuni. Aelezwe kuwa virusi hivi ni ukoo mmoja wenye watoto wengi. Wanaoleta saratani ya mlango wa kizazi, hususan aina ya 16 na 18, si wale wa unyayoni. Chunjua ya mguu haishuki kutoka kwenye zinaa, haileti saratani ya kizazi, na kwa upande wa pili, chanjo ile haikutengenezwa ili kuikinga.

Virusi huingia kupitia mchubuko mdogo, mara nyingi usioonekana kwa macho. Ngozi iliyolowa maji kwa muda mrefu huwa laini na hupenyeka kwa urahisi. Kwa hiyo bafu za mabweni, sakafu zenye unyevu, na ndala zinazovaliwa kwa zamu na watu kadhaa ni njia za kawaida za maambukizi. Kutoka siku ya kuambukizwa hadi chunjua kuonekana huweza kupita wiki chache au miezi mingi. Ndiyo sababu si rahisi kumtafuta aliyemwambukiza mwenzake, wala hakuna faida ya kumlaumu.

Namna ya kuitambua

Unyayo una mistari midogo kama ile ya alama za vidole. Jambo la kwanza la kutazama ni mistari hiyo. Katika chunjua, mistari hukatika na kupinda kuzunguka ukingo wake. Katika sugu, ambayo ni ngozi iliyokomaa kwa sababu ya msuguano, mistari hupita juu yake bila kukatika.

Jambo la pili ni vidoa vyeusi. Tabaka la juu la ngozi ngumu likikwanguliwa taratibu, chunjua huonyesha vidoa vidogo kama ncha za sindano, na pengine hutoa matone madogo ya damu. Watu wengi huviita mizizi, na imani hiyo ndiyo inayowafanya wachimbe kwa wembe wakitafuta mzizi wa mwisho. Vile si mizizi. Ni mishipa midogo sana ya damu iliyoganda ndani ya chunjua. Chunjua haina mzizi. Mchimbaji hupita katika ngozi ngumu na kuingia katika nyama nzima, ambako hakuna cha kung'oa.

Jambo la tatu ni maumivu. Chunjua ikibanwa kutoka pande mbili kwa vidole, kama mtu anayefinya, huuma zaidi kuliko ikibonyezwa moja kwa moja. Sugu ni kinyume chake: huuma ikibonyezwa kutoka juu.

Funza naye hujificha miguuni, na katika maeneo yenye vumbi, nyumba zenye sakafu ya udongo na mifugo inayolala karibu na watu, ndiye wa kumfikiria mapema. Huonekana kama uvimbe mweupe wenye doa jeusi katikati, aghalabu pembezoni mwa kucha, kati ya vidole au kisiginoni. Huwasha, hukua ndani ya siku chache, na hufa mwenyewe katika muda wa takribani wiki nne hadi sita. Chunjua haina haraka hiyo.

Hoja ya kuziacha

Chunjua nyingi hutoweka zenyewe. Mfumo wa kinga, ambao mwanzoni haukuvitambua virusi vilivyojificha katika ngozi ya juu, hatimaye huvitambua na kuvifukuza. Kwa watoto, takribani theluthi mbili ya chunjua hupotea ndani ya miaka miwili bila dawa, na hazibakizi kovu. Kwa watu wazima muda huo huwa mrefu zaidi, na baadhi hukaa nazo kwa miaka mingi.

Kwa upande mwingine, dawa zilizopo hazina nguvu kama watu wanavyodhani. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uholanzi kwa watu 250 wenye chunjua za mikono na miguu. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: waliogandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, waliopaka asidi ya salisiliki, na walioachwa wasubiri. Baada ya wiki 13, miongoni mwa wenye chunjua za nyayo, walipona asilimia 30 ya waliogandishwa, asilimia 33 ya waliopaka asidi, na asilimia 23 ya waliosubiri tu. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba huenda ilitokana na bahati.

Mwaka uliofuata yalitoka matokeo ya utafiti mwingine, wa Uingereza na Ireland, uliowahusisha watu 240 wenye chunjua za nyayo peke yake. Nusu waligandishwa na watoa huduma, na nusu walijipaka nyumbani asidi ya salisiliki ya asilimia 50. Baada ya wiki 12, waliopona kabisa walikuwa asilimia 14 katika kila kundi. Naitrojeni, ambayo inahitaji mitungi maalumu na safari za mara kwa mara kliniki, haikuishinda dawa ya kupaka.

Kwa mkazi wa Sengerema habari hii ni ya nafuu. Mgonjwa hapaswi kujiona amenyimwa tiba bora kwa sababu zahanati yake haina mashine ya kugandisha. Wala mzazi hana haja ya kuuza kuku ili apate nauli ya kwenda Mwanza kwa ajili ya chunjua tatu zisizouma. Kwa mtoto yule wa miaka kumi, kusubiri ni uamuzi wa kitabibu wenye hoja nyuma yake, na haifai kuitwa uzembe.

Ila kusubiri kuna masharti. Mgonjwa aelezwe anasubiri nini na kwa muda gani. Aambiwe arudi iwapo chunjua itaanza kuuma, kuongezeka haraka, kubadilika rangi au kutoa damu bila kujeruhiwa. Asiyeelezwa hivyo hatasubiri. Ataondoka zahanati na kumwendea mwenye wembe.

Hoja ya kutibu

Zipo sababu nne zinazotosha kuanza tiba. Ya kwanza ni maumivu yanayomzuia mtu kutembea au kufanya kazi. Mama muuza dagaa akikanyaga kwa upande ili kulikwepa gumba lake, kabla ya mwaka kwisha goti na kiuno navyo vitaanza kulalamika. Ya pili ni chunjua zinazozidi kuongezeka. Ya tatu ni zile zilizodumu zaidi ya miaka miwili kwa mtu mzima. Ya nne ni usumbufu wa moyo: kijana wa bweni anayeficha miguu yake na kukataa kuoga na wenzake ana haki ya kusaidiwa, hata kama ngozi yake haimuumi.

Dawa ya kuanzia ni asidi ya salisiliki. Kazi yake ni kulainisha na kubandua ngozi ngumu tabaka baada ya tabaka, na pengine kuuamsha mfumo wa kinga. Kwa nyayo inahitajika yenye nguvu ya asilimia 15 hadi 40. Hapa watoa huduma wazingatie kosa moja lililo rahisi kutendeka. Marhamu ya Whitfield, inayotumika sana kwa fangasi, nayo ina asidi ya salisiliki, lakini ni asilimia 3 tu, pamoja na asidi ya benzoiki ya asilimia 6. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa chunjua ya unyayo. Mgonjwa aliyepewa marhamu hiyo akarudi bila kupona hajashindwa na tiba, hakuipata.

Matumizi yake ni haya:

1. Kila jioni mguu uloweshwe katika maji ya uvuguvugu kwa dakika tano hadi kumi.
2. Ngozi ngumu iliyolainika isuguliwe taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu au kipande cha msasa, bila kufika kwenye damu. Kifaa hicho kiwe cha mgonjwa peke yake, na kisisuguliwe kwenye ngozi nzima, kwani kitabeba virusi.
3. Mguu ukaushwe, kisha ngozi inayoizunguka chunjua ipakwe vaselini ili isiungue.
4. Dawa ipakwe juu ya chunjua tu, iachwe ikauke, na ifunikwe kwa plasta.
5. Zoezi hili lirudiwe kila siku kwa muda wa hadi wiki 12. Ngozi ikiuma na kuwa nyekundu au mbichi, dawa isimamishwe kwa siku chache, kisha irudiwe.

Wengi hukata tamaa katika wiki ya tatu. Kwa hiyo maelezo ya mtoa huduma yana thamani sawa na dawa yenyewe. Muuguzi anaweza kumwambia mama muuza dagaa maneno kama haya: "Mama, dawa hii ni ya kila siku, kama kuswaki. Usiponiona hapa utakapokuja, mwonyeshe mwenzangu mguu wako baada ya mwezi mmoja. Wembe tuuache kabisa." Na mama naye apewe nafasi ya kuuliza, kwa maana huenda swali lake likawa la bei ya dawa, na pasipo kulijibu hilo maelekezo yote hayana faida.

Wasiopaswa kutumia dawa ya kuchoma wakiwa nyumbani

Mwenye kisukari yuko mbele katika orodha hii. Sukari iliyodumu damuni huharibu neva za miguu, na mgonjwa huweza kuungua bila kuhisi. Damu isiyofika vizuri vidoleni huchelewesha uponaji, na kidonda kidogo huweza kuishia katika kukatwa mguu. Chunjua isiyouma ya mtu mwenye kisukari iachwe kama ilivyo. Ikihitaji tiba, itibiwe na mtoa huduma. Kabla ya kutoa asidi ya salisiliki kwa mtu mzima yeyote, aulizwe kuhusu kisukari, na ikiwezekana apimwe sukari.

Tahadhari hiyohiyo inawahusu waliopoteza hisia miguuni kwa sababu nyingine, ukiwemo ukoma, na wenye mishipa ya damu iliyoziba. Dawa isipakwe usoni, sehemu za siri, wala kwenye ngozi yenye jeraha au usaha. Mjamzito na mtoto mdogo wapate kwanza ushauri wa mtoa huduma.

Mtu mwenye chunjua nyingi sana, kubwa, zisizosikia dawa, ahudumiwe kwa jicho la ziada. Kinga ya mwili iliyopungua huziacha chunjua zistawi. Apewe ushauri na kipimo cha VVU kama huduma ya kawaida, kwa faragha na bila kumhukumu. Chunjua peke yake si ushahidi wa VVU. Watu wengi wenye kinga kamili wanazo.

Madhara ya wembe na maji ya betri

Kukata chunjua kwa wembe hufungua mlango wa pepopunda na usaha. Wembe uliotumiwa na watu wawili huweza kupitisha VVU na homa ya ini aina ya B. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki. Hayachagui kati ya chunjua na nyama, na hufanya shimo ambalo kovu lake, likiwa mahali pa kukanyagia, huuma maisha yote. Mafuta ya taa na chuma cha moto navyo ni hivyo hivyo. Chunjua ingekwisha bila alama. Kovu la unyayo haliishi. Huu ndio mzani unaopaswa kutumika kwa kila tiba inayopendekezwa: je, madhara yake ni mepesi kuliko ugonjwa wenyewe?

Lisilo chunjua

Sasa turudi kwa mzee mvuvi. Melanoma ni saratani ya ngozi inayotokana na seli zinazotengeneza rangi. Watu wengi hudhani ni ugonjwa wa Wazungu na wa jua. Ni kweli kwamba kwa watu weusi hutokea kwa nadra, lakini inapotokea, mahali pake pa kawaida ni unyayo, kiganja na chini ya kucha, yaani sehemu ambazo jua halizifikii sana. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika alifariki mwaka 1981 kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu.

Ubaya wa melanoma ya unyayo ni kuchelewa. Mgonjwa hauoni unyayo wake mara kwa mara, baka haliumi, na jina la chunjua hutolewa upesi. Zipo pia saratani nyingine za ngozi ya mguu zinazofanana na chunjua kubwa yenye harufu na vishimo. Saratani ya Kaposi nayo hupenda miguu, na huonekana kama mabaka au vinundu vya rangi ya zambarau iliyokoza au nyeusi.

Mtoa huduma asitoe dawa ya kuchoma, bali ampe mgonjwa rufaa, aonapo mojawapo ya haya:

- baka jeusi au lenye rangi mchanganyiko linalopanuka;
- mstari mweusi mpya kwenye kucha moja, hasa ukisambaa hadi kwenye ngozi;
- kidonda juu ya "chunjua" kisichopona kwa wiki nne;
- damu inayotoka bila kukwanguliwa;
- chunjua ya kwanza kabisa kwa mtu aliyepita umri wa miaka hamsini, isiyo na dalili zilizotajwa hapo juu;
- tezi zilizovimba kwenye kinena cha upande huohuo;
- "chunjua" iliyotibiwa ipasavyo kwa wiki 12 bila mabadiliko yoyote, au inayozidi kukua.

Njia ya rufaa kutoka zahanati za Sengerema ni hospitali ya wilaya, na kutoka hapo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, ambako kipande kidogo cha ngozi huweza kuchukuliwa na kupimwa. Kwa miaka mingi safari hiyo ilipita Busisi kwa kivuko. Sasa lipo daraja la Kigongo hadi Busisi. Umbali umepungua kwa gari, lakini haupungui kwa mgonjwa asiyeambiwa kwamba anapaswa kwenda. Huko Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kipo pia Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, ambacho tangu miaka ya 1990 kimewaandaa maafisa tabibu waliobobea katika ngozi. Mtoa huduma anayemfahamu mmoja wao karibu naye asisite kumwomba ushauri.

Kinga

Miguu ikaushwe baada ya kuoga, hasa kati ya vidole. Ndala zivaliwe bafuni na kila mtu awe na zake. Mwenye chunjua aifunike kwa plasta anapooga na wengine, na asiikwaruze kisha akagusa sehemu nyingine. Mtoto asizuiwe shule wala michezo; chunjua haistahili adhabu hiyo. Na kila mtu, hususan mwenye kisukari na aliyevuka miaka hamsini, aangalie nyayo zake walau mara moja kwa juma, au amwombe mjukuu amwangalizie.

Hitimisho

Swali la kutibu au kuacha lina jibu moja kwa kila mgonjwa, si jibu moja kwa wagonjwa wote. Kabla ya kulijibu, mtoa huduma ajiulize manne: Je, hii ni chunjua kweli? Je, inamzuia mgonjwa jambo gani? Je, ana ugonjwa mwingine utakaoifanya dawa kuwa hatari? Je, tiba hii ni nyepesi kuliko chunjua yenyewe?

Kwa mtoto, majibu yanaelekeza kusubiri, na mama yake arudi nyumbani akiwa ametulia. Kwa muuza dagaa, yanaelekeza kwenye asidi ya salisiliki, jiwe la kusugulia na subira ya wiki 12. Kwa mzee mvuvi, swali la kwanza tu linatosha. Aandikiwe rufaa siku hiyohiyo, aelezwe sababu yake kwa lugha ya wazi mbele ya ndugu atakayemsindikiza, na jina lake lifuatiliwe mpaka ijulikane kwamba amefika. Gharama ya kuzifanya hatua hizi ni dakika chache za kumvua mgonjwa viatu, kuuosha unyayo na kuutazama penye mwanga wa kutosha.